Hai au Marehemu

Fomu ya usajili wa shahada ya uzamili ilikuwa na kurasa nne. Kwenye ukurasa wa pili, chini ya jina la baba, palikuwa na visanduku viwili: HAI na MAREHEMU. Nilitia alama kwenye cha pili, nikafungua ukurasa wa tatu, nikaendelea kujaza matokeo yangu ya kidato cha sita. Ilikuwa Oktoba 2023. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ndefu na jua la Dar es Salaam lilikuwa limeingia hadi mezani kwa karani. Nilipotoka nje ndipo nilipogundua kwamba sikuwahi kumchagulia Baba neno hilo kwa mkono wangu mwenyewe. Hata wasifu uliosomwa siku ya mazishi aliuandika Shangazi.

Neno lenyewe nimelijua kabla ya kujua kusoma. Baba alikuwa fundi redio mjini Moshi, kwenye fremu ndogo karibu na stendi. Alipanga pamoja na fundi saa mmoja Mwislamu ambaye sote tulimwita Mzee wa Saa. Upande mmoja wa meza kulikuwa na redio zilizofunuliwa matumbo, upande wa pili saa zilizolala chali. Redio ikipona, Baba aliijaribu kwa matangazo ya vifo. Alisema muziki unadanganya, kwamba spika mbovu inaweza kujificha ndani ya ngoma na magitaa, lakini sauti ya mtu anayesoma majina haifichi kitu. Basi siku za likizo nilikaa kwenye kigoda, nikasikiliza majina ya watu nisiowajua, vijiji vyao, watoto wao wanaoishi Mwanza au Tanga, na lile ombi la mwisho kwamba habari ziwafikie ndugu na jamaa popote walipo. Baba aliinamisha kichwa, bisibisi mkononi, mpaka mtangazaji amalize. Kisha alisema, "Imepona."

Nilikuwa na miaka 6. Nilidhani Marehemu ni ukoo mmoja mkubwa sana, wenye ndugu kila mkoa.

*

Baba alianguka dukani Julai 2022. Kiharusi. Aliishi siku mbili bila kufumbua macho wala kutamka neno, akafa alfajiri ya Jumatano. Mimi nilikuwa nimemaliza mtihani wa mwisho wa shahada ya kwanza wiki iliyotangulia. Nilipanda basi Mbezi, nikafika nyumbani usiku. Ukungu wa Julai ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na turubai la bluu lilikuwa limeshafungwa uani.

Kwetu, mlimani juu ya Moshi, mtu huzikwa nyumbani, ndani ya kihamba. Babu yuko pale, Bibi yuko pale. Watoto hukaa juu ya makaburi yale ya saruji wakila miwa, na msimu wa mavuno akina mama huanika maharage juu yake. Kwa hiyo mahali pa kumlaza Baba hapakuwa na mjadala. Mjadala ulikuwa nani atamzika.

Baba mkubwa alikwenda ofisi ya usharika, akarudi amenyamaza. Kwetu kila mshiriki ana namba yake ya bahasha ya sadaka, na daftari lilionyesha kwamba namba ya Baba haikuwa na kitu tangu 2011. Meza ya Bwana hakuwa ameikaribia kwa miaka 11. Halafu kulikuwa na pombe, ambayo haikuandikwa daftarini lakini ilijulikana. Utaratibu ni utaratibu: mwili hautaingia kanisani, mchungaji hatakuja, kengele haitagongwa, kwaya haitavaa sare. Familia ikipenda, inaweza kumwomba mzee wa kanisa aje kusali kama jirani.

Niliuelewa utaratibu ule, na bado nauelewa. Mama, ambaye hajakosa ibada labda awe mgonjwa, aliutetea mbele ya mashemeji zake huku machozi yanamtoka. Alisema mazishi ya kanisa ni ushuhuda, na ushuhuda wa uongo ni dhambi. Wale wanaoamka usiku kwenda ibada ya asubuhi wataambiwa nini, kama mwisho wa yote watu wote wanazikwa sawasawa? Hoja yake ilikuwa na uzito. Lakini hoja nzuri haikuondolei aibu pale jeneza la baba yako linapopita mbele ya lango la kanisa na lango limefungwa.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja. Alivaa koti lake la kila siku. Alisali kwa kifupi, na katikati sauti ikamkatika, akanyamaza kidogo, akaendelea. Akina mama waliimba bila kiongozi. Mzee wa Saa alikuwa amepanda kutoka mjini na wenzake watatu wa stendi, akachukua koleo zamu yake ilipofika, akafukia mpaka jasho likamlowesha kofia. Alipomaliza alipangusa mikono, akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeaga, "Mwenyezi Mungu amrehemu."

Watu wote wakasema amina. Amina ile ilikuwa kubwa kuliko zilizotangulia.

Jioni, matanga yakiwa yametulia, alisimama ndugu yetu mmoja wa mbali ambaye ni mhubiri. Hakuna aliyemwomba. Alizungumza juu ya njia mbili na milango miwili, akasema kwamba wapo waliolala katika Bwana ambao tunawalilia kwa tumaini, na wapo ambao tusijidanganye. Hakumtaja Baba. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

Usiku nililala chumba kimoja na mdogo wangu wa kiume, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 11. Nilidhani amesinzia. Kisha nikamsikia gizani:

"Dada, Baba anaungua?"

Hakusema "ataungua." Alisema "anaungua," yaani sasa hivi, wakati sisi tumejifunika blanketi na nje kuna baridi.

"Lala," nilimwambia. "Kesho kuna kazi."

*

Nilirudi Dar es Salaam nikaendelea kwenda kanisani, kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda Jumapili. Lakini nyimbo za mbinguni zilinishinda. Nyimbo hizo karibu zote ni za kukutana: tutavuka, tutaonana, tutakaa pamoja. Wenzangu walipoimba, mimi nilikuwa nahesabu atakayekosekana. Na siku za Meza ya Bwana nilibaki kwenye benchi. Wa kwanza kuniuliza nilimwambia naumwa. Baadaye hakuna aliyeuliza.

Nilijaribu njia tatu za kulijibu swali la mdogo wangu.

Njia ya kwanza ilikuwa kusema kwamba hakuna kitu huko. Rafiki yangu mmoja wa hosteli alinishauri hivyo kwa nia njema kabisa: mtu akifa amekufa, ondoa hofu. Nilijaribu kuliamini jambo hilo kwa wiki kadhaa. Tatizo ni kwamba Bibi yangu alikufa akiwa ameshikilia ahadi moja tu, kwamba anakwenda mahali, na alikufa vizuri. Sikuweza kuuondoa moto wa yule mhubiri bila kuiondoa na ahadi ya Bibi. Tena kuna maovu nimeyaona katika nchi hii, na mengine nimetendewa, ambayo nisingependa yaishie kaburini bila mtu yeyote kuulizwa.

Njia ya pili ilikuwa zile siku mbili. Wauguzi walisema mgonjwa wa namna ile huenda anasikia. Basi nilimtungia Baba toba: nilimwona ndani ya kichwa chake, kimya, anatubu neno kwa neno. Ilikuwa picha nzuri. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimwandikia maneno, na nilijua.

Njia ya tatu niliipata maktaba. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya aliyezaliwa Kitui, mwaka 1969 alitoa kitabu chake kinachojulikana sana juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Ili kueleza jinsi Waafrika wanavyouona wakati, alichukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani. Kwa maelezo yake, mtu akifa hatoki kwenye sasa siku hiyohiyo. Anabaki humo maadamu yupo mtu hai aliyemjua na anayemkumbuka kwa jina. Mbiti aliwaita wafu walio hai. Akifa yule wa mwisho anayemkumbuka, ndipo marehemu anazama kwenye zamani. Wapo waliompinga, mmojawapo Mghana Kwame Gyekye, hasa pale Mbiti aliposema kwamba wakati wa Kiafrika hauna kesho ya mbali. Mimi mwenyewe, mwenye lugha inayohesabu kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, nilikuwa na maswali. Lakini lile la wafu walio hai lilinishika. Nikaanza kumkumbuka Baba kwa bidii kama mtu anayefanya zoezi. Nilihifadhi ujumbe wake wa sauti 14 kwenye simu na kwenye kompyuta. Niliandika namna alivyokohoa.

Kisha nikapiga hesabu. Mdogo wangu amezaliwa 2011. Akijaliwa miaka 80, Baba atabaki kwenye sasa mpaka 2091. Baada ya hapo je? Na hata kabla ya hapo, ni haki kumwekea mtoto mzigo huo, kwamba akisahau, baba yake amezama?

*

Ninasomea isimu. Katika muhula wa pili tulitakiwa kuandika insha juu ya maneno ya mkopo, na mimi, bila kumwambia mtu sababu, nilichagua maneno ya kifo.

Ukiyapanga mezani yanashangaza. Mkristo wa Kiswahili hana maneno yake peke yake ya kufia. Ameazima ya jirani, na jirani naye aliazima. Kuzimu ni ya wazee wetu wa Kibantu, mahali pa wazimu, yaani mizimu, kabla neno hilo halijaingia katika Biblia. Katika Luka sura ya 23, pale Yesu anapomjibu mhalifu aliyesulubiwa naye, tafsiri ya Union inatumia neno peponi, neno lilelile analolitumia Mwislamu wa Bagamoyo. Na marehemu ni neno la Kiarabu, marhum. Mzizi wake ni r-h-m, mzizi uliotuletea rehema na rahimu. Kwa umbo ni neno la kutendwa: aliyerehemiwa. Kiebrania, lugha ndugu, kina mzizi huohuo, na katika lugha zote mbili neno la rehema limezaliwa nyumba moja na neno la tumbo la uzazi.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Miaka yote nilikuwa nalisikia neno hili kama sanduku la kwenye fomu, kinyume cha hai. Kumbe kabla mchungaji hajaamua kuja au kutokuja, kabla yule mhubiri hajasimama, lugha yenyewe ilikuwa imeshamwita Baba aliyerehemiwa. Na haibagui. Hata mwizi aliyeuawa na wananchi wenye hasira, taarifa ya polisi ya kesho yake itamwita marehemu.

Niliandika aya nzima juu ya jambo hilo, kwa moto. Mwalimu wangu alichora mstari pembeni kwa kalamu nyekundu na kuandika: "Hapa unahubiri." Chini yake aliongeza kwamba asili ya neno si ushahidi wa maana yake ya leo. Alikuwa sahihi. Hakuna polisi anayefikiria rehema anapoandika neno lile. Nilifuta aya. Alama nilizopata zilikuwa nzuri.

Lakini sikuweza kuifuta kichwani, kwa hiyo likizo ya Agosti 2024 nilikwenda kumuuliza mtu anayelitumia neno hilo kwa kulijua.

Mzee wa Saa bado yupo kwenye fremu ileile. Upande wa Baba sasa kuna kijana anayetengeneza simu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Binti wa Redio huyo." Alitoa ile lenzi jichoni, akaniagizia chai. Nilimweleza insha yangu. Nilimuuliza kama siku ile kaburini alimaanisha kwamba Baba ameshapata rehema.

Alicheka kidogo. "Nani ameona? Mambo ya huko ni ya ghaibu. Wako masheikh wanaotukataza kabisa kusema marehemu kama taarifa, kana kwamba tuliletewa habari. Wanasema iwe dua. Ukisema marehemu, ujue moyoni unaomba. Usijidai kwamba unajua."

Nilinyamaza. Nimelelewa katika kanisa ambalo haliombei wafu. Tunafundishwa kwamba mtu akishafumba macho, karatasi imekusanywa. Na huku, kila tunapotaja jina la aliyetutoka, tunaanza na dua ya watu wa pwani bila kujijua.

"Baba yako hakukwambia kwa nini aliacha kanisa?" Mzee aliuliza.

Nilisema ni pombe. Ndivyo kila mtu alivyosema.

"Pombe ilikuja baadaye," alisema.

Hapo ndipo nilipoambiwa. Mwaka 2011 kulikuwa na kijana wa kijijini kwetu aliyebeba mizigo pale stendi. Alilala kwenye kibaraza cha fremu, na Baba alikuwa akimnunulia chai. Alikunywa gongo, akafa nayo. Wakati ule Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hilo nililijua, namkumbuka akisimama mlangoni na kikapu cha sadaka. Nisilolijua ni kwamba alikuwamo kwenye kikao kilichoketi kuamua kama kijana yule atazikwa na kanisa. Walikataa. Walinyanyua mikono, na Baba akanyanyua wake pamoja na wenzake.

"Kesho yake alikuja hapa," Mzee alisema, "hakufungua redio hata moja. Ameketi tu. Akaniambia: mimi sitakula tena meza ile mpaka nijue yule kijana yuko wapi."

Miaka 11. Alikuwa akitafuta jibu lilelile ninalolitafuta mimi, kwa swali lilelile, na kwa masharti yaleyale: nijue kwanza, kisha nitakula. Nilikumbuka yale matangazo ya vifo, kichwa kimeinama, bisibisi mkononi. Sitaki kusema nimeelewa alichokuwa akikisikiliza. Mambo hayo yalianza kabla ya 2011. Lakini sikuweza tena kumfikiria kama mtu asiyejali.

Nilipomsimulia Mama usiku ule, aliacha kuchambua mchele. "Alikuwa anaamka usiku," alisema. "Nilidhani ni presha." Kisha akaendelea na mchele, polepole zaidi.

*

Nina rafiki anayesomea uchungaji. Nilimwandikia nikamuuliza, kwa kuzunguka sana, kama ni dhambi kumwombea mtu aliyekufa. Alinijibu kwa kunitumia kurasa mbili za Martin Luther, wa mwaka 1528, za mwishoni mwa kitabu chake kuhusu Meza ya Bwana. Nilizisoma kwenye simu, ndani ya daladala, nimesimama.

Luther pale anakataa misa za kulipiwa kwa ajili ya wafu, na anaikataa toharani. Nilitegemea hayo. Lakini katikati anasema kwamba kuhusu wafu, kwa kuwa Maandiko hayatupi habari, haoni dhambi mtu akiomba kwa hiari yake kwa namna hii: amwambie Mungu kwamba ikiwa hali ya nafsi ile inaruhusu kurehemiwa, basi airehemu. Na akishaomba hivyo mara moja au mbili, imetosha.

Nilishuka kituo ambacho si changu.

Alichokiandika Luther na alichokisema Mzee wa Saa vilifanana sana: hatujui, basi omba rehema. Hakuna aliyeniahidi kwamba Baba yuko salama. Wote wawili walinipokonya tu kazi ambayo nilijipa mwenyewe, kazi ya kujua. Na ile "imetosha" ndiyo iliyonivunja. Mtu anaomba mara moja au mbili, kisha anaacha. Si kwamba amesahau. Ameshamkabidhi mtu kwa mwenye mamlaka, kama unavyomkabidhi mgonjwa mlangoni pa chumba cha upasuaji. Ukiendelea kung'ang'ania kitanda, mlango hautafungwa.

Jumamosi moja ya Novemba umeme ulikatika hosteli, na mwenzangu wa chumbani alikuwa amesafiri. Nilipiga magoti kando ya kitanda, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu sekondari. Sikuwa na maneno mengi. Nilisema: Baba yangu unamjua. Yule kijana wa stendi pia unamjua. Kama wanaweza kurehemiwa, warehemu.

Nilimfikiria yule mhalifu wa Luka. Hakuomba kuokolewa na msalaba. Aliomba akumbukwe tu. Nilikuwa nimeisoma habari ile mara nyingi kama habari ya toba ya dakika za mwisho. Usiku ule niliiona kwa jicho la Mbiti: mtu aliyekuwa anazama zamani, hana mtoto wa kulitaja jina lake wala kaburi kihambani, aliyeomba kumbukumbu ya mtu mmoja ambaye hatakufa tena. Kama hiyo ndiyo kumbukumbu iliyomshika Baba, basi 2091 si kitu. Na mdogo wangu anaweza kusahau kikohozi chake bila kumdhuru.

Sikuona nuru wala kusikia sauti. Umeme ulirudi, feni ikaanza kuzunguka, nikalala.

Asubuhi ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Nilipanga mstari pamoja na wengine. Niliwahi kusoma kwamba katika makanisa mengi ya Kilutheri ya nchi za Nordiki, uzio wa madhabahu ambapo watu hupiga magoti hujengwa nusu duara, na husemwa kwamba nusu ya pili, upande usioonekana, ni ya waliotangulia. Uzio wa kanisa letu umenyooka kama benchi. Hata hivyo nilipopiga magoti nilitazama mbele, kule ambako nusu ile ingekuwapo, kwenye ukuta wenye msalaba na spika mbili nyeusi. Nikajiruhusu kutokujua nani amekaa pale. Nikapokea. Machozi yalinitoka, na mama mmoja aliyekuwa kando yangu, nisiyemjua, alinishika kiwiko tulipokuwa tunainuka.

Usiku nilimwomba Mungu mara ya pili, kwa maneno yaleyale. Kisha nikasema imetosha.

*

Desemba kwetu ni mwezi wa kurudi nyumbani. Watu hupanda mlima kutoka kila mji, hupaka nyumba chokaa, husafisha makaburi. Siku mbili kabla ya Krismasi, mimi na mdogo wangu tulichukua ndoo na brashi tukaenda kusugua kaburi la Baba. Sasa ana miaka 13 na sauti imeanza kukwaruza. Alisugua upande wa miguu, mimi upande wa kichwa, ambako Shangazi aliagiza iandikwe neno lile na jina na tarehe mbili.

"Unakumbuka uliniuliza kitu usiku ule tulipomzika?" nilisema.

"Kitu gani?"

"Kuhusu Baba. Kama anaungua."

Aliendelea kusugua. Nilimwambia nilimwambia alale kwa sababu sikuwa na jibu, na kwamba bado sijui Baba aliko, wala yule mhubiri hajui. Nilimwambia kwamba neno hili tuliloliandika hapa ni dua, na nikamweleza maana yake. Nilimwambia Yesu alikufa kando ya mtu ambaye hakuna kanisa lingemzika, na namna alivyomjibu inanitosha mimi kumwachia Baba. Nilimwambia nimemwombea Baba arehemiwe, na nikaacha hapo.

"Umeomba mara ngapi?" aliuliza.

"Mara mbili."

"Mbili tu?" Alinitazama kana kwamba nimemwibia Baba kitu. "Mimi naomba kila siku. Tangu usiku ule."

Sikumwambia habari za Luther. Nilichukua ndoo, nikaenda kuongeza maji.